Nyuzi Ishirini na Sita

Saa nane za usiku, Ibra.
Nje ukuta bado unapumua joto la mchana,
ndani kiyoyozi kinakoroma,
Harith anakoroma naye, wanapokezana zamu.
Mimi macho.

Mundu kaamka.
Ndivyo ninavyomwita, Mundu tu, ile seli nimeiacha hospitali,
maana miaka thelathini na minne tunalala kitanda kimoja
na hatuna tena haja ya majina marefu.
Leo yuko kwenye nyonga ya kushoto.
Anakata taratibu,
kama kibarua anayekata majani ya mbuzi
katika shamba lisilo lake.

Nimejaribu yote ya watu.
Maziwa na zafarani.
Mama mkwe kanisomea maji, nikayanywa.
Shangazi Thuraya kaniletea ubani kutoka Salala,
nikafukiza, nikakohoa mpaka alfajiri.
Mwenzangu wa kazini akasema: hesabu kondoo.
Nikahesabu.
Kufika mia mbili na kumi
nikawa nawaza nani atawalisha.

Ni Sista Shaija, muuguzi wa usiku,
aliyeuliza lile ambalo madaktari hawakuuliza,
kwa Kiarabu chake kilichopitia Kerala:
"Chumbani kwenu, nyuzi ngapi?"
Nikasema kumi na nane.
Akaacha kutafuta mshipa, akanitazama.
"Unalala ndani ya friji, dada,
halafu unauliza damu inakwama kwa nini?"

Basi tukaanza mazungumzo, mimi na mume wangu,
marefu kuliko yale ya mahari.
Yeye: kumi na nane. Mimi: thelathini.
Yeye: nitayeyuka.
Mimi: nitavunjika.
Akapanda ishirini na mbili, na blanketi akanipa.
Nikashuka ishirini na nane, na feni nikampa.
Siku ya nne hatukusemezana.
Siku ya tano, ishirini na sita,
na rimoti juu ya kabati, mbali na mikono yetu sote.

Nyuzi ishirini na sita.
Kwa nyuzi hizo naushona usingizi,
maana jora zima halinifikii, nimeshakubali:
kipande cha saa nne mpaka saa saba,
kipande baada ya sala ya alfajiri,
kitambaa kidogo cha adhuhuri, ofisini wakiwa wamekwenda kula,
kichwa juu ya faili la mikataba.
Bibi yangu wa Wete alikuwa akisema
kiraka hakina aibu, aibu ni tundu.
Alikuwa akisema kanga. Mimi nimechukua.

Saa tatu simu naipeleka jikoni, ikalale na masufuria.
Soksi za sufi, mwezi wa Julai, acha wacheke.
Chupa ya maji kando ya mto,
nayo maana yake ni msala mara tatu,
na kila mara nikirudi kitanda kimepoa upande wangu.
Hakuna aliyesema ni rahisi.

Sasa, saa nane na robo, siutafuti usingizi.
Ukiutafuta unajificha, kama mtoto anayeitwa akaoge.
Nakunywa maji. Nakunywa tena.
Nageuka, na kitanda kinalia,
na Harith, fulana imemganda mgongoni,
haniulizi una nini.
Aliacha kuuliza hivyo mwaka wa pili.
Ananiuliza: "Wapi?"

"Nyonga."

Anaweka mkono. Mkono wake wa moto,
huu huu ninaousukuma kila kiangazi,
sasa umetulia pale pale
kama chapati iliyotoka kwenye chuma.
Anarudi kukoroma kabla sijashukuru.

Sisemi nimelala.
Nasema Mundu kakaa kitako,
kaweka mpini juu ya goti,
naye anasubiri kuche.